Usiruke mwanzo: filme za wapelelezi, almasi na majina yetu

Siku ya Mungu jioni, hapa Kabondo, chumba cha video kinajaa mapema. Benchi ni za mbao, groupe inanguruma inje karibu na choo, televizyo iko juu ya meza, wapapa waliotoka karieri wanakaa mbele na wamama na watoto wanakaa nyuma. Siku ile sendika yetu ndiyo ililipa esansi. Tulikuwa tumemaliza mkutano wa michango, tukasema: leo familia zione filme pamoja, mtu yeyote asilipe. Kijana wa télécommande akatia filme ya James Bond, ile ya almasi, na kama desturi yake akafinya ya kuruka mwanzo. Majina yakapita mbio, muziki ukakatika. Kijana ana sababu zake. Mwanzo unakula esansi, na watu, anasema, hawakuja kusoma majina ya wazungu.

Mama mmoja, mjane wa mwenzetu, akasema toka nyuma: « Papa, rudisha ile. Mwanzo ndiyo inatuonyesha tunaingia katika nyumba ya nani. »

Watu walicheka, lakini kijana akarudisha. Tukaangalia zile dakika tatu kimya, na toka siku ile tumekuwa tunabishana juu yake kwenye mikutano, njiani, hata kambini kwenye moto. Tunaandika hapa kwa sababu tunajua wasomaji wa ukurasa huu wengi wanapenda filme za wapelelezi, na ni wachache wanaokaa kuangalia mwanzo wake, ule Wafaransa wanaita jeneriki.

Wenye umri wetu hawana lazima ya kufundishwa jeneriki ni kitu gani. Tulikua na moja kila jioni. Kabla ya habari za télévision ya Zaïre, mawingu yalitokea, na katikati ya mawingu uso wa Mobutu ukashuka pole pole toka mbinguni mpaka ukajaza kioo. Hakuna mtu alisema kwa mdomo kwamba Rais anatoka juu. Haikuwa lazima. Sisi watoto tulikaa chini mbele ya televizyo ya jirani, hatujasikia bado neno moja la habari, na tayari tulijua habari ni za nani. Mzee mmoja wa avenue yetu alikuwa anatoka inje kukojoa saa ile ile kila siku, na ilikuwa siasa yake yote.

Filme za wapelelezi zinafanya kazi hiyo hiyo, ila kwa ufundi mkubwa zaidi na kwa muziki mzuri. Chukua Dr. No, ya mwaka 1962, Bond wa kwanza wa sinema. Duara nyeupe zinatembea juu ya kioo cheusi, moja inafunguka, na unatambua kwamba unatazama toka ndani ya mtutu wa bunduki. Mtu wa kofia anapita, anageuka, anapiga, damu nyekundu inashuka toka juu. Aliyefanya picha hiyo ni Maurice Binder, Mmarekani aliyekuwa anatumika London. Aliweka kamera itazame ndani ya mtutu wa kweli. Na yule mtu anayetembea, kila mtu anaapa ni Sean Connery. Hapana. Katika filme tatu za kwanza ni Bob Simmons, mtu wa kazi ya hatari, mmoja wa wale wanaoanguka na kupigwa pahali pa nyota ili nyota asiumie. Mwenye kutembelea hatari ni mmoja, mwenye sura na jina ni mwingine. Wachimbaji hawatauliza maelezo zaidi.

Lakini angalia vizuri jicho letu limewekwa wapi. Hatuko upande wa Bond. Tuko nyuma ya bunduki, pahali pa adui aliyemvizia, na ni damu ya huyo adui inayofunika macho yetu. Kwa sekunde kumi na kitu, bila neno, filme imesema: hapa kila mtu anavizia mwenzake, na aliye mwepesi ndiye anabaki. Mtu wa Kisangani aliyelala chini ya kitanda mwezi wa sita mwaka 2000 anaweza kuwa na mawazo yake juu ya kutazama toka upande ule wa bunduki. Tutarudi pale.

Kuna mwanzo mwingine ambao mchimbaji anaelewa kushinda mwalimu wa sinema: Mission: Impossible. Ilianza kama feuilleton ya televizyo Marekani mwaka 1966, na filme za Tom Cruise toka 1996 zimelinda desturi ile. Mkono unawasha kiberiti, utambi unashika moto, moto unakimbia juu ya kioo, na chini yake picha ndogo ndogo za mambo yatakayokuja zinapita upesi kuliko unavyoweza kuzishika. Muziki ni wa Lalo Schifrin, toka Argentina, na hesabu yake ni ya mipigo mitano, si mine kama nyimbo tunazocheza. Kwa hiyo mguu wako unataka kutua na muziki unakuwa bado haujatua. Ni ile hali ya mtu aliyewasha mèche kwenye mwamba na anahesabu huku akipanda kamba. Moyo unapiga vibaya. Wenzetu waliofanya kazi ya dinamiti walipoona mwanzo huo kwa mara ya kwanza, mmoja alisimama kwenye benchi. Alisema baadaye aliona aibu. Sisi tunasema yeye peke yake ndiye aliona filme ginsi ilivyotakiwa.

Sasa tuje kwenye dhahabu na mawe, kwa sababu pale ndipo mabishano yetu yalipo.

Goldfinger, mwaka 1964. Mwanzo wake haukufanywa na Binder, ni kazi ya Robert Brownjohn. Alichukua mwanamke, Margaret Nolan, akampaka rangi ya dhahabu mwili muzima, halafu akatupia picha za filme juu ya mwili ule: mpira wa golfu unabingirika juu ya ngozi. Juu ya hayo yote sauti ya Shirley Bassey. Huyu mama alizaliwa Cardiff, Wales, bandari iliyokuwa inapakia makaa ya mawe kwa dunia nzima, na baba yake alikuwa baharia toka Nigeria. Aliimba mwanzo wa filme tatu za Bond, ya dhahabu, ya almasi mwaka 1971, na Moonraker mwaka 1979. Tunapenda kufikiri sauti ile inajua kitu juu ya wanaume wanaorudi nyumbani na vumbi. Labda ni sisi tu.

Dhahabu katika mwanzo huo ni ngozi, ni laini, inang'aa, imelala. Haina uzito. Wale waliobeba gravye kichwani toka shimo mpaka mtoni wanajua dhahabu ni kitu cha mwisho kuonekana, tena kidogo kama unga kwenye kucha. Filme inaanza pale kazi yetu inaisha, na ikisha kuanza pale, haiwezi tena kurudi nyuma.

Halafu ile ya almasi, Diamonds Are Forever, 1971, ambayo mama alisema irudishwe. Hapa tuombe msomaji akae nasi kidogo. Kabla ya jeneriki, Bond anamfuata adui wake Blofeld mpaka ndani ya nyumba yenye madimbwi ya tope, wanapigana, na Bond anamsukuma ndani ya tope inayochemka. Paka mweupe analia. Papo hapo wimbo unaanza na almasi zinajaza kioo: almasi kwenye vidole, almasi kwenye shingo, vivuli vya wanawake, na yule paka anatembea na mkufu wa almasi. Ni kazi ya Binder tena. Tope, halafu mara moja almasi. Wapapa wa mbele walipiga makelele: « Kumbe wanajua! » Ndiyo, wanajua kwamba mawe yanatoka kwenye tope. Lakini katikati ya tope na shingo hakuna kitu. Hakuna shimo, hakuna motopompe, hakuna tamisi, hakuna mtu ameinama na mgongo unauma. Paka anapata almasi mbele ya mchimbaji.

Jeneriki inaisha, na sasa ndipo wachimbaji wanatokea. Mabwana wamekaa London, mmoja wa kampuni ya almasi anamwelezea Bond ginsi mgodi wa Afrika Kusini unavyolindwa na ginsi wafanyakazi wake ni waaminifu. Wakati anasema hayo, picha inaonyesha kinyume: wachimbaji weusi wanaficha mawe mdomoni na daktari wa meno anayachukua na kuwalipa. Ni mchezo mzuri, maneno yanasema moja na macho yanaona lingine, na chumba chetu kizima kilicheka kwa sauti, sisi pia. Kisha kicheko kikaisha vibaya. Mwenzetu mmoja, mtu wa Bafwasende, alisema: « Dakika tatu waliimba jiwe. Sisi wametuonyesha nusu dakika, na tuko wezi. »

Hilo ndilo tunalitaka msomaji aone. Kama filme ingeanza na wale watu, chini ya ardhi, kwa muziki ule ule, sauti ile ile ya Bassey, halafu mabwana wa London wakaja baada, tungecheka upande mwingine. Ian Fleming mwenyewe, aliyeandika kitabu mwaka 1956, alianza na Afrika, pale mawe ya Sierra Leone yalikuwa yanavushwa mpakani kwa siri. Sinema ilibadilisha mpango: kwanza jiwe liking'aa, baadaye mkono ukiiba. Na mtu aliyekwisha kulipenda jiwe dakika tatu, anauona mkono ule kama mkono wa mwizi bila kuuliza mwenye mkono analipwa ngapi.

Tembea hapa Kisangani, katikati ya mji, utaona ukuta wa comptoir: almasi kubwa imechorwa, miale inatoka pande zote, pembeni alama ya dola. Tulizoea kufikiri ni matangazo tu. Sasa tunaona ni jeneriki. Toka Mobutu alipofungulia watu uchimbaji mwanzoni mwa miaka ya 1980, kuta hizo ndizo zilituonyesha filme gani tunaingia. Hatujaona bado ukuta mmoja uliochorwa tamisi.

Hatusemi kila mwanzo unadanganya. GoldenEye ya mwaka 1995, iliyofanywa na Daniel Kleinman baada ya Binder kufariki, inaonyesha wanawake wanavunja kwa nyundo sanamu za Lenin na alama ya nyundo na mundu, na Tina Turner anaimba. Kabla ya wimbo filme iko wakati wa Wasovieti. Baada ya wimbo miaka tisa imepita na Sovieti haiko tena. Historia ya nchi nzima imeanguka ndani ya wimbo mmoja, na hakuna mtu alipoteza njia. Kama watu wa sendika tulisikia uchungu kidogo kuona nyundo inavunjwa, tusifiche. Lakini kazi ni kazi, na ile ni kazi safi.

Kleinman huyo ndiye alifanya pia Casino Royale ya mwaka 2006. Mule hakuna wanawake wa kucheza. Ni karata za kamari zinazogeuka silaha, watu wanakatika vipande kama kopa na jembe. Ina maana: Bond huyu ni mpya, maisha ya watu ni mchezo wa mezani. Na jeneriki inapoisha tu, maandishi yanasema Mbale, Uganda, na tunaona kambi ya waasi na mwenye benki amekuja kupokea pesa yao. Chumba chetu kilinyamaza. Picha zile zilichukuliwa Uingereza, na filme haizungumzi juu yetu hata neno moja. Lakini ukisema waasi, Uganda na pesa mbele ya watu wa Kisangani, hauna lazima ya kumaliza sentensi. Toka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa 6 mwaka 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana ndani ya mji huu, na almasi ilikuwa moja ya sababu. Tarehe 9 mwezi wa 2 mwaka 2022 korti ya kimataifa ya La Haye iliamua Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, ambamo milioni 60 ni kwa mali ya udongo na misitu, dhahabu na almasi zikiwamo. Karata mezani, ndiyo. Ila katika filme meza inaonekana mwanzoni, kwetu korti ilifika nyuma ya miaka zaidi ya ishirini.

Na wapelelezi wa kweli walikuja huku kwa ajili ya migodi. Wakati wa vita ya pili ya dunia, Wamarekani walituma watu wa siri Kongo kulinda njia ya uranium ya Shinkolobwe, Katanga, ile iliyoingia katika bombe ya Hiroshima mwaka 1945. Walipoulizwa wanatafuta nini, kisingizio chao kilikuwa magendo ya almasi. Mwaka 1960, mkubwa wa CIA huko Léopoldville, Larry Devlin, alipokea sumu ya kumuua Lumumba, na haikutumika. Lumumba aliuawa kwa njia nyingine, Katanga, tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Mtu aliyekuwa karani wa posta hapa Stanleyville! Raoul Peck, Mhaiti aliyekua Kongo, alifanya filme Lumumba mwaka 2000, na mwanzo wake ni picha za zamani, nyeusi na nyeupe, za wakati wa Wabelgiji: watu wetu wamesimama mbele ya kamera ya mwingine. Hakuna anayecheza. Picha zinakaa, zinakutazama. Ukisha kuziona hauwezi tena kutazama sherehe za wakubwa katika filme ile bila kuwaona wale watu nyuma yake. Kwa macho yetu ndiyo jeneriki bora tuliyoiona, na kijana wa télécommande hajairuka hata siku moja.

Tuseme pia juu ya majina, kwa sababu kijana alisema hakuna mtu anakuja kusoma majina ya wazungu. Yale majina hayakuwekwa kwa wema wa patro. Sinema ni kazi kama kazi nyingine, ina vyama vya wafanyakazi, na nani anaandikwa, wapi, mbele ya nani, ni mambo ya mikataba na mabishano makali. Mwaka 1980 George Lucas aliweka jina la direkta wa The Empire Strikes Back mwisho wa filme, mwanzo ubaki safi. Chama cha madirekta kilimpiga amende. Lucas alilipa kwa hasira, akatoka chamani. Tajiri mkubwa vile, filme yake dunia nzima inaijua, na chama kinamwambia: jina la mfanyakazi lina pahali pake. Tulisoma habari hiyo mara mbili kwenye mkutano, wazee waliomba.

Sababu ya kuisoma ilikuwa hii. Vijana wetu walitaka kufanya filme ndogo kwa simu, juu ya karieri, tuwaonyeshe wakubwa wa provinse ginsi mashimo yanavyobomoka. Tukabishana juu ya mwanzo karibu wiki mbili. Vijana walitaka jiwe kwenye kiganja, jua linalipiga, muziki mkali. Walisema bila hivyo hakuna mtu ataangalia. Si ujinga; Binder angekubaliana nao. Wengine walitaka kuanza na shimo lililoanguka na kilio. Mama yule mjane hakukubali. Alisema wakubwa wamekwisha kuona vilio vingi, wanajua kuvumilia vilio vya wengine. Bwana wake alibaki chini ya udongo, na mwenye shimo alifungua kaye yake akaonyesha jina halimo: kwa hiyo, alisema, mtu yule hakutumika pale. Sheria ya migodi inaomba kila mchimbaji awe na karte, lakini karte ya marehemu ilikuwa imeisha muda, na kaye ni ya mwenye kaye. Mama alirudi Kabondo na nguo za bwana wake na hakuna karatasi.

Mwishowe tukafanya hivi. Kioo cheusi. Sauti ya tamisi peke yake, ile chwa, chwa, chwa, ambayo watoto wetu wanaijua mbele ya kujua kusoma. Halafu mikono tu, ndani ya maji, hakuna uso. Jiwe halionekani. Na juu ya mikono majina yanapita moja moja, ya walio hai na ya waliobaki chini, tuliyoyakusanya nyumba kwa nyumba, kwa sababu hatukuwa na kaye ya kunakili.

Tulionyesha mara ya kwanza pale pale kwenye chumba cha video, kwa esansi ya sendika. Filme ilipoisha watu walipiga mikono. Mama aliinuka akaja mbele, akasema jina la bwana wake limepita upesi sana, hakupata muda wa kulisoma mpaka mwisho. Kijana akarudisha. Likapita tena. Akarudisha mara ya tatu.

Siku ile ile usiku tulimwomba kijana aache kila jina likae. Sasa mwanzo unachukua dakika nne na filme yenyewe dakika kumi na moja, na wenzetu wengine wanalalamika kwamba ni mrefu.